Kuku Aliyeonekana: Mtazamaji wa Kiswahili Mbele ya Filamu za Njozi

Mwaka 1961 Mwingereza John Wilson, aliyewahi kushughulika na matumizi ya filamu katika elimu ya Waafrika, alichapisha kisa ambacho kimerudiwa mara nyingi tangu hapo. Wanakijiji fulani barani Afrika walionyeshwa filamu fupi kuhusu usafi: mkaguzi wa afya anamwaga maji yaliyotuama, anaokota makopo matupu, anafanya kila kitu polepole ili somo lieleweke. Filamu ilipokwisha waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kama ndani ya filamu yao mna kuku. Wakaikagua picha baada ya picha, wakamkuta: alikuwa amekurupuka na kukatiza pembeni, chini, kwa muda wa kama sekunde moja. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan alikitia kisa hiki katika kitabu chake *The Gutenberg Galaxy*, nacho kikaingia madarasani kama ushahidi kwamba Mwafrika asiyejua kusoma hawezi kuitazama filamu ipasavyo.

Tukikisoma kisa hicho bila dhana ya msimulizi wake, kinasema jambo jingine kabisa. Watu waliulizwa swali, wakajibu kweli. Kuku alikuwamo. Aliyeshindwa kumwona ni mwenye filamu, ambaye alishaamua kabla taa hazijazimwa kipi ndani ya picha kina maana na kipi hakina.

Hoja ya insha hii ni kwamba maoni makavu tunayoyatoa sisi wasemaji wa Kiswahili tukitazama tamthilia za televisheni na filamu za njozi ni ya ukoo mmoja na jibu la wanakijiji wale. Mara nyingi tunaambiwa tunyamaze: hii ni filamu tu, usiharibu raha za watu. Lakini kwa zaidi ya nusu karne filamu hizo zimekuwa zikiweka ndani yake vitu ambavyo watengenezaji wake hawakutarajia mtazamaji yeyote avitambue, na kimojawapo ni lugha zetu. Sisi tunavitambua. Historia ya kutambua huko yafaa iandikwe kama historia ya uhakiki.

Waliotupimia cha kuelewa

Dhana ya mtazamaji asiyeelewa ina umri mrefu Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35 kuhusu mambo kama kilimo, minyoo ya safura na kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa lori pamoja na maelezo yaliyorekodiwa katika lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, ambaye alishikilia kwamba filamu za Waafrika sharti ziwe za mwendo wa polepole, zisiruke ghafla kutoka mahali hadi mahali, na zisitumie mbinu zitakazomchanganya mtazamaji.

Wakati nadharia hiyo ikiendelea kuhubiriwa, watazamaji wa mijini walikuwa tayari wameshaivuka. Katika majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam watu walijaa kutazama filamu za Kihindi kama *Awaara* ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, wengi wao bila kujua Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Reel Pleasures* cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi filamu hizo zilivyoendelea kujadiliwa baada ya onyesho: watu walibishana kuhusu mapenzi, heshima, mzazi na mtoto, tajiri na maskini. Kutoijua lugha ya filamu hakukuwazuia kuihukumu. Tangu zamani, basi, mtazamaji wetu amezoea kukalia kiti ambacho hakuandaliwa yeye, na kusema analoliona.

Jina la Uhura

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kurusha *Star Trek*. Miongoni mwa maofisa wa chombo cha angani alikuwamo Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno "uhuru". Nichols ameeleza kwamba siku ya usaili wake alikuwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 yenye neno hilo kama jina lake. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Tanganyika na Kenya kujitawala, na magazeti ya Marekani yalikwishalizoea neno hilo.

Mabadiliko ya irabu moja mwishoni yanastahili kuangaliwa. "Uhuru" ulifanywa "Uhura" ili jina lilainike na lionekane la kike. Lakini Kiswahili hakina jinsi ya kike wala ya kiume katika nomino zake, na irabu *a* mwishoni haimfanyi mtu kuwa mwanamke. Hiyo ni desturi ya Kilatini na watoto wake. Neno likachukuliwa kwa heshima, kisha likavalishwa sarufi ya wengine. Kwa Mmarekani mweusi wa mwaka 1966 jina hilo lilikuwa fahari kubwa, na sina nia ya kuipunguza. Hata hivyo msemaji wa Kiswahili akisikia "Uhura" anasikia neno lililokatwa mkia, na ana haki ya kusema hivyo.

Sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap", ina tukio ambalo nadhani halijachambuliwa vya kutosha kwa lugha yetu. Kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu kinaingia chomboni, kinajigeuza umbo kufuatana na anayekitazama. Kikikutana na Uhura kinajifanya mwanamume mweusi, nacho kinamsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", Uhura anafutiwa kumbukumbu. Akiwa anafundishwa upya kusoma Kiingereza, anateleza na kurudi kwenye Kiswahili. Mara ya kwanza lugha hii ni chambo cha zimwi, mara ya pili ni kitu cha utotoni anachotakiwa kukivuka ili arudi kazini. Watengenezaji hawakukusudia tusi lolote, na kwa wakati wake ilikuwa hatua ya mbele. Ila mtazamaji anayeielewa lugha yenyewe anaona mpangilio: Kiingereza ni lugha ya kazi na ya ujuzi, Kiswahili ni lugha ya ndani, ya kumbukumbu na ya hatari. Mpangilio huo tunaujua. Tulikuwa nao shuleni.

Sayari ya mbali inayosema Kigikuyu

Kwenye *Star Wars* jambo lilikwenda mbali zaidi. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, mtaalamu wa sauti Ben Burtt aliunda lugha ya viumbe wadogo waitwao Jawa kwa kuchukua sauti za Kizulu na kuziongezea kasi. Katika *Return of the Jedi* ya mwaka 1983, rubani msaidizi wa Lando Calrissian ni kiumbe mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, naye alisema Kigikuyu. Hakikukatwakatwa wala kuchezewa kama kile Kizulu cha mwanzo. Yalikuwa maneno yenye maana, yaliyosemwa na mtu anayeyafahamu.

Mtazamaji wa California alisikia mlio wa sayari ya mbali. Mtazamaji wa Nyeri alisikia sentensi. Ndipo tofauti kati ya watazamaji hao wawili inapodhihirika, nayo haihusu akili wala elimu. Mmoja alikuwa ndani ya hesabu ya mtengenezaji, mwingine hakuwamo. Lugha ilichaguliwa kwa kuwa ilidhaniwa haitaeleweka, kama ambavyo mtu anasema siri mbele ya mgeni akiamini mgeni hasikii.

Maoni yangu bila kupindisha maneno: kati ya mifano yote ninayoitaja hapa, huu ndio unaonichekesha zaidi na unaoniudhi zaidi. Unachekesha kwa sababu Lando anamjibu mwenzake kwa Kiingereza, nao wanaelewana bila mkalimani, jambo ambalo wakazi wa Nairobi hulifanya kila siku kwenye matatu. Unaudhi kwa sababu lugha yenye mamilioni ya wasemaji iliwekwa kwenye rafu moja na milio ya wanyama.

Simba, Pumbaa na Shenzi

*The Lion King* ya mwaka 1994 ndiyo filamu ya njozi iliyobeba Kiswahili kingi zaidi na kukifikisha mbali zaidi. Simba, Rafiki, Pumbaa na Sarabi, yaani mazigazi, ni maneno ambayo mtoto wa Lamu hahitaji kuelezwa. Filamu ilipofasiriwa kwa lugha ya Kiafrika mwaka ule, ilifasiriwa kwa Kizulu. Kiswahili kilitoa majina, hakikupewa usemi.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, mtazamaji mkali ana mengi ya kusema. Nyani Rafiki anaimba kibwagizo kinachochanganya shukrani za Kiswahili na matunda ya Kiingereza, na ukanushi wake umeundwa kwa "hapana" mahali pa "si". Hicho ndicho Kiswahili cha amri cha mabwana wa mashamba, kilichojulikana Kenya kwa jina la Kisetla. Mzee wa hekima katika filamu hiyo anaongea kama mlowezi anayemwagiza mpishi wake.

"Hakuna matata" nayo ina safari yake. Ilikuwa tayari imezungushwa duniani na wimbo "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa, uliotolewa mwaka 1982 na kulenga wageni wa hoteli za pwani. Kampuni ya Disney iliomba kuusajili msemo huo kama alama ya biashara mwaka 1994, na usajili ukakamilika Marekani mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018, toleo jipya la filamu likisubiriwa, Shelton Mpala wa Zimbabwe alianzisha ombi la kupinga usajili huo, nalo likatiwa saini na zaidi ya watu laki moja. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuutamka msemo, inahusu bidhaa kama mavazi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayakugusa lalamiko lenyewe. Watu hawakuogopa kushtakiwa kwa kusalimiana. Waliuliza ni kwa njia gani usemi wa umma unaweza kuwa na mwenyewe.

Jina linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni la fisi: Shenzi. Katika toleo la mwaka 1994 sauti yake ni ya Whoopi Goldberg. Katika toleo la mwaka 2019 ni ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Fisi hao wanaishi pembezoni mwa himaya, wenye njaa, wamekatazwa kuingia nchi ya neema, na mmoja wao anaitwa kwa neno ambalo pwani yetu ilimwitia mtu wa bara, asiye Mwislamu na asiye mwungwana, na mtumwa aliyetoka huko. Baadaye walowezi wa Kenya waliliingiza katika Kiingereza chao, wakalitumia kwa watu na hata kwa mbwa asiye wa nasaba. Lilipotua Hollywood lilikuwa limeshabeba dharau ya vizazi kadhaa.

Hapa ukali wetu hauna budi kutugeukia. Hatuwezi kuwalaumu wachoraji wa Marekani peke yao kwa neno ambalo sisi ndio tuliolichonga. Uungwana na ushenzi ni jozi iliyotungwa na jamii ya Waswahili, na mpaka leo tunaitumia. Katika vichekesho vyetu wenyewe vya televisheni, Mmasai mlinzi na Mmakonde mgeni wa mjini wanachekwa kwa lafudhi zao kabla hawajasema lolote la kuchekesha. Mwenye kukasirika kwa ajili ya Nien Nunb na akacheka kwa ajili ya Mmasai hajamaliza kazi ya uhakiki.

Lugha iliyotungwa na lugha iliyopo

Aprili 2011 HBO ilianza kuonyesha *Game of Thrones*. Kwa ajili ya wapanda farasi wa Dothraki ilimwajiri mwanaisimu David J. Peterson, naye akawatungia lugha yenye sarufi na msamiati wake. Peterson amezitaja lugha zilizompa mawazo, kati yake Kirusi, Kituruki, Kiestonia, Kiinuktitut na Kiswahili. Baadaye akatunga pia Kivaliria cha Juu, ambacho nomino zake zimegawanyika katika makundi manne: ya mwezi, ya jua, ya ardhi na ya maji. Msomaji aliyelelewa na ngeli zetu hawezi kukosa kutabasamu.

Naiheshimu kazi hiyo. Ni mwendelezo wa njia ya J. R. R. Tolkien, ambaye alikuwa mwanafilolojia kabla ya kuwa mtunzi wa njozi, na ambaye lugha zake za Elfu zilisikika katika filamu za *The Lord of the Rings* kati ya mwaka 2001 na 2003. Lakini tuziweke kazi hizi kando ya zile tulizozitaja. Lugha isiyo na msemaji hata mmoja ilipewa mwanaisimu, kanuni za fonolojia na waigizaji waliorekebishwa matamshi. Lugha zenye mamilioni ya wasemaji zilipewa kasi ya mashine, au "hapana" ya Kisetla. Mwaka 2017 programu ya Duolingo ilifungua somo la Kiswahili, na miezi michache baadaye, mwaka huohuo, ikafungua la Kivaliria cha Juu. Zimekaa kwenye orodha moja.

*Black Panther* ya mwaka 2018 ilikuja na jawabu la nusu. Nchi ya Wakanda inasema Kixhosa, kilichoingia kwenye mfululizo huo miaka miwili kabla kwa kupitia mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini. Kixhosa chake ni lugha yenye maana, si mlio. Lakini ramani za filamu hizo zinaiweka Wakanda upande wa mashariki wa bara, na Lupita Nyong'o, anayejua Kijaluo na Kiswahili, alijifunza mistari ya lugha ya kusini ili awe mtu wa nchi ya mashariki. Nimewasikia Wakenya wakilisema jambo hili kwa kicheko, na Wamarekani wakiwajibu kwamba Wakanda haipo. Ni kweli haipo. Kixhosa kipo, Kijaluo kipo, na umbali kati yao upo.

Jibu la kibanda umiza

Tusidhani kwamba mtazamaji wetu alikaa akinung'unika tu. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam alipatikana fundi wa kuwajibu: msimulizi wa filamu, aliyeitwa pia mtafsiri au DJ. Maarufu kati yao alikuwa Lufufu. Alizungumza juu ya sauti ya filamu, akawapa wahusika tabia za mitaani kwetu, akaeleza desturi za Wazungu na Wachina kwa mifano ya Manzese, na shujaa akifanya upuuzi alimwambia. Kenya yuko DJ Afro, na Uganda mafundi wa aina hiyo wanafanya kazi kwa Kiganda. Mwanaanthropolojia Matthias Krings aliitungia kazi hii makala yenye tashbihi ya mapishi katika jina lake: kuugeuza wali kuwa pilau.

Lufufu hakutafsiri kila neno, na wengine humlaumu kwa hilo. Naona lawama hiyo imekosea shabaha. Alichofanya ni kuligeuza lile lililofanywa na Hollywood. Huko lugha zetu zilikuwa sauti ya nyuma, isiyo na maana, na Kiingereza kilikuwa maneno. Kibandani Kiingereza ndicho kilichokuwa sauti ya nyuma, na maneno yalikuwa ya Kiswahili. Aliyelipa kiingilio chake alipata, pamoja na filamu, uhakiki wa filamu, papo hapo, bila kuomba ruhusa. Kazi hiyo haikukosa kasoro: wasimulizi karibu wote ni wanaume, na mzaha wao mara nyingi uliwaangukia wanawake. Kasoro hizo nazo ni sehemu ya kumbukumbu inayopaswa kuhifadhiwa.

Na kumbukumbu hiyo inapotea. Kanda za VHS zinaoza, na majina ya wasimulizi wengi hayakuandikwa popote. Ughaibuni hali ni nyingine, ila hasara inafanana. Kwenye sebule za Muscat, London na Toronto, mzazi anasahihisha Kiswahili cha Rafiki, mtoto anamwomba anyamaze, na sahihisho linaishia hapo. Mtoto huyohuyo kesho yake shuleni ataambiwa "hakuna matata" na mwenzake anayedhani anamsalimia kwa lugha yake. Atakuwa na la kumjibu au hatakuwa nalo, kutegemea kama usiku ule alielezwa neno limetoka wapi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa vyuoni tuyaandike maoni haya jinsi yanavyosemwa, pamoja na ukali wake: nani alisema, kuhusu filamu gani, alisikia nini ambacho wengine hawakukisikia. Tuyaandike na yale yanayotuaibisha, likiwamo la Mmasai na la Shenzi. Wilson aliandika jibu la wanakijiji wake akiamini anaandika upungufu wao, lakini hakuliandika jina la hata mmoja wao, wala hakutueleza walikuwa na nini cha kusema kuhusu yule mkaguzi na makopo yake.